Mtoto akisema yuko ‘cool’, itafute ‘ila’ yake

NENO lenyewe lina herufi nne tu, na watoto wengi wa mjini wanalijua kabla hawajamaliza darasa la kwanza. Wanalisikia kwenye katuni, kwenye nyimbo, kwenye michezo ya simu na kwa kaka na dada zao. Ni “cool”, linalotamkwa “kuul”. Mzazi akiambiwa alitafsiri atasema ni ubaridi. Na kama alikuwa kijana miaka ya 1990, atasema ni poa.

Majibu yote mawili ni sahihi, na yote mawili hayatoshi.

Chukua mfano wa binti wa kidato cha pili ambaye simu yake imebaki mezani. Mama yake anapita na kuona ujumbe unaingia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza unasema “He's cool”. Wa pili, “I'm cool”. Wa tatu, “Are we cool?” Wa nne, “That's not cool”. Kamusi ndogo ya shuleni itamwambia mama huyo habari za hali ya hewa. Kumbe ujumbe wa kwanza unamsifu mtu, wa pili huenda unakataa kitu, wa tatu unataka suluhu, na wa nne unalalamika kwamba kuna mtu amevuka mpaka.

Mzazi anayeusoma wote kwa maana moja anaweza kumwadhibu mtoto asiye na kosa. Anaweza pia kufanya kosa kubwa zaidi, la kuupita ule wa nne akidhani ni porojo za watoto.

Lilianza na ubaridi wa kweli

Cool ni neno la kale la Kiingereza. Lina undugu na “cold”, yaani baridi, na “chill”, ambalo nalo vijana wamelichukua. Wajerumani wana “kühl” na Waholanzi wana “koel”. Maana yake ya msingi ni ubaridi wa kiasi, usioumiza. Maji ya mtungini ni cool, barafu ni cold.

Kutoka kwenye maji, neno likahamia kwa mtu. Anayekasirika damu humchemka, na anayebaki mtulivu huitwa cool. Zaidi ya miaka 400 iliyopita, Shakespeare alilitumia hivyo katika tamthiliya yake A Midsummer Night's Dream, akiitofautisha akili tulivu na vichwa vinavyochemka vya wapenzi na vichaa.

Lakini utulivu una upande wake wa pili. Mgeni akipokewa bila tabasamu, Waingereza husema amepata mapokezi ya cool. Waswahili nao husema amepokewa kwa ubaridi. Hapo hakuna sifa yoyote.

Maana nyingine ni ile ya mtu mwenye macho makavu. Februari 1860, kabla hajawa Rais wa Marekani, Abraham Lincoln alihutubia katika ukumbi wa Cooper Union jijini New York. Wanasiasa wa majimbo ya Kusini walikuwa wakitishia kuuvunja muungano iwapo chama chake kingeshinda urais, kisha lawama za kuuvunja waitwishe upande wa pili. Lincoln alisema jambo hilo ni “cool”. Akawafananisha na jambazi anayemwekea mtu bastola sikioni, akimwambia atoe fedha au auawe, na akiuawa yeye ndiye atakuwa muuaji. Aliyedhani Lincoln anawasifu angekuwa amepotea kabisa.

Hata pesa zimewahi kuwa cool. Katika riwaya ya Charles Dickens iitwayo Great Expectations, iliyokamilika mwaka 1861, mhunzi Joe anamsimulia Pip kuhusu mtu aliyeachiwa urithi wa pauni 4,000, na pauni hizo anaziita “cool”. Pip anabaki akijiuliza Joe amelipata wapi jotoridi la pesa hizo. Maana yake ni kwamba pesa ni nzima, hazijapungua hata senti, tena si haba. Mtanzania hana haja ya kumcheka Joe. Dukani huulizwa kama anataka soda ya baridi au ya moto, na hakuna anayetarajia kuletewa soda iliyochemshwa.

Uso mtulivu, moyo una yake

Cool wanayoisema watoto leo, yenye maana ya kizuri, cha kisasa, cha kupendeza, ilitoka kwa Wamarekani weusi. Mwandishi Zora Neale Hurston alilitia neno hilo kinywani mwa mhusika katika hadithi fupi iliyotoka mwaka 1933. Baadaye wanamuziki wa jazz wakalishika. Mpiga saksafoni Lester Young, aliyefariki dunia mwaka 1959, mara nyingi hutajwa miongoni mwa waliolieneza. Charlie Parker alirekodi Cool Blues mwaka 1947. Miles Davis na wenzake walirekodi mwaka 1949 na 1950 vipande ambavyo mwaka 1957 vilikusanywa katika albamu iliyopewa jina Birth of the Cool.

Kutoka kwenye majukwaa ya jazz, neno likawafikia vijana weupe, likaingia kwenye filamu na televisheni, kisha likasambaa duniani. Wazazi waliokuwa wakisikiliza rapu ya Marekani wanamkumbuka LL Cool J, ambaye herufi za jina lake zina maana kwamba kina dada wanampenda James aliye cool.

Ni muhimu kujua ni watu gani walilipa neno hilo uzito. Hizo zilikuwa enzi za sheria za ubaguzi wa rangi. Mtu mweusi aliyeonyesha hasira mbele ya mzungu katika majimbo ya Kusini angeweza kupoteza kazi, hata uhai. Kubaki na uso mtulivu ilikuwa heshima, na ilikuwa pia ngao. Anayetazama kwa nje aliona mtu aliyetulia. Yaliyokuwa moyoni aliyajua mwenyewe.

Mwaka 1973, mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika kwamba wazo la upoaji kama alama ya heshima na kujitawala linapatikana katika jamii nyingi za Afrika. Wayoruba wa Nigeria, kwa mfano, huliita “itutu”. Neno cool lenyewe ni la Kiingereza, lakini wazo kwamba mtu wa maana ni yule aliyepoa halihitaji maelezo marefu kwa msemaji wa Kiswahili.

Poa nayo ina sura mbili

Kiswahili kilikuwa na poa yake zamani. Uji hupoa. Maumivu hupoa. Hasira hupoa. Biashara nayo hupoa, na hapo mwenye duka hafurahi. Kisha vijana wa mijini wakaligeuza kuwa jibu la salamu. “Mambo?” “Poa.” Waliotaka mbwembwe wakasema “poa kichizi kama ndizi”. Wengine wakajibu “shwari”, neno la bahari isiyo na mawimbi, na wengine “freshi”, ambalo nalo limetoka Kiingereza.

Lakini sikiliza neno hilohilo likitoka kwa mama anayemwona mtoto wake mchangamfu amekaa pembeni, sahani haijaguswa. “Mbona umepoa leo?” Hapo poa haina uzuri wowote. Mama ameona dalili, na ana wasiwasi.

Ndiyo kusema mtoto anaweza kujibu kwamba yuko poa huku amepoa.

Kwa Waswahili, salamu mara nyingi hujibiwa kwa uzuri hata pale ambapo uzuri haupo. Jirani akiulizwa habari za nyumbani atasema, “Nzuri, ila mama amelazwa.” Mtu mzima anajua kuiongeza ile “ila”, na anayemsikiliza anajua kuisubiri, kwa sababu habari yenyewe iko humo. Mtoto, hasa aliyefikia umri wa kubalehe, mara nyingi huishia kwenye “poa” au “cool”, na ile “ila” hubaki nayo moyoni. Wahenga walikwishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Cool ambazo mzazi atakutana nazo

Kabla ya kuitafuta “ila”, ni vizuri mzazi ajue neno hilo hubebaje mizigo tofauti kwenye mazungumzo ya vijana.

“He's cool” au “she's cool” ni sifa ya tabia. Mtu huyo ni mwema, haringi, anaelewana na wenzake. Inaweza kusemwa kuhusu mwalimu, binamu au mchezaji wa mpira. Kwa mvuto wa mwili, Kiingereza cha vijana hutumia zaidi “hot”, yaani moto. Mzazi anayechanganya maneno hayo mawili anaweza kuona mapenzi mahali ambapo pana urafiki tu.

“I'm cool” kwa kawaida ni kusema niko sawa. Lakini ikijibu mwaliko au kitu kinachotolewa, mara nyingi maana yake ni hapana, asante. Kijana aliyeitwa kwenye sherehe ya usiku akajibu hivyo huenda amekataa. Itakuwa ajabu akachapwa kwa kukataa.

“I'm cool with that” ni kinyume chake. Kiungo kidogo kimeongezwa, na sasa mtu anasema nakubali, sina tatizo na hilo.

“Are we cool?” ni swali la aliyekosana na mwenzake. Anauliza kama yamekwisha. Jibu la “we're cool” ni sawa na kusema yamekwisha, tuendelee.

“Cool it” ni amri ya kumwambia mtu atulie, apunguze hasira.

“Cool” peke yake, ikifuata ujumbe mrefu, ni ngumu kuliko zote. Inaweza kuwa nimekuelewa. Inaweza kuwa sijali. Inaweza pia kuwa nimeudhika na sitaki kuendelea. Anayetaka kuielewa afikirie neno “haya” la mama wa Kiswahili. Kuna “haya” ya kukubali, kuna “haya” ya kuhimiza, na kuna ile “haya” fupi ambayo mtoto akiisikia anajua amekwisha. Neno ni lilelile, ila sauti na hali ndizo zinazobadilika. Kwenye ujumbe wa simu sauti haipo, ndiyo maana hata watoto wenyewe hugombana kwa kutoelewana.

“Not cool” inataka macho mawili. Maana yake ni kwamba jambo fulani si sawa, kuna mtu amevuka mpaka. Vijana wengi huona aibu kuandika kwamba wameumia au wanaogopa, kwa hiyo hutumia maneno haya mepesi. Picha iliyosambazwa bila ruhusa, utani unaorudiwa kila siku, mtu mzima anayeandika asiyopaswa kumwandikia mtoto, yote hayo yanaweza kukutwa yamejificha nyuma ya “not cool”.

Neno linapotumika kuuza

Wafanyabiashara waliiona nguvu ya neno hili mapema. Mwaka 1933 soko la Marekani lilipata sigara iliyoitwa Kool, jina likianza na K. Sigara hiyo ilikuwa na mentholi, kitu kinacholeta kinywani ubaridi kama wa pipi ya mnanaa. Jina likasema kuna ubaridi, na koo likahisi ubaridi.

Moshi ulibaki kuwa moshi. Mentholi hupunguza ukali wake, hivyo anayejaribu kuvuta kwa mara ya kwanza hakohoi sana na huona ni rahisi kuendelea. Kwa sababu kama hizo Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku sigara za mentholi mwezi Mei 2020.

Funzo kwa familia liko wazi. Mtoto anayetaka kuonekana cool anatafuta kukubalika na wenzake, na hamu hiyo si dhambi. Ila kila anayetaka kumuuzia kitu, au kumwingiza katika jambo lisilofaa, anajua pa kugusa. Mtoto aliyezoea kuulizana na wazazi wake maswali kama “Nani kasema hii ni cool, na yeye anapata nini?” huwa na pa kushika siku atakapopewa kitu asichokijua.

Darasani na mbele ya wakubwa

Kuna wazazi wanaokataza neno hili kabisa nyumbani, wakiona linaharibu lugha. Kukataza hakusaidii sana, kwa sababu mtoto atalitumia barabarani. Kinachomfaa zaidi ni kujua mahali pake.

Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza akiwa na cool ya kwenye muziki hukutana na cool ya fizikia, ambayo ni kitu kupoteza joto. Kwenye somo la Kiingereza atakutana na mhusika aliyejibu kwa sauti ya cool, na asipojua ile maana ya ubaridi wa moyo atadhani mhusika amefurahi. Alama zitapotea hapo. Vilevile, barua ya kuomba nafasi ya masomo inayoisifu shule kuwa ni cool itamfanya msomaji adhani mwombaji anatania.

Kanuni hii si ngeni kwa mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili. Anajua bibi hasalimiwi “mambo”, husalimiwa shikamoo. Anajua mjomba akimuuliza “Hujambo?”, jibu ni “Sijambo”, na akisema “Poa” atatazamwa vibaya. Mzazi anaweza kumwambia kwamba Kiingereza nacho kina shikamoo zake. Kuna maneno ya kijiweni na kuna maneno ya mbele ya mkuu wa shule.

Kuitafuta ile ‘ila’

Swali la “Shule vipi?” hujibiwa “Poa” kwa sababu limekaa kama salamu, na salamu hupata jibu la salamu. Swali dogo na la wazi hufungua zaidi. “Leo wakati wa mapumziko ulikaa na nani?” “Yule rafiki yako mliyekosana naye, mmeshaongea?” Mtoto hawezi kujibu hayo kwa neno moja la cool.

Mahali na wakati pia huchangia. Mtoto anayehojiwa mlangoni, begi likiwa bado mgongoni, hujifunga. Mtoto huyohuyo akiwa anachambua mchicha na mama yake, au anatembea na baba yake kwenda dukani, husema mengi bila kuulizwa, kwa sababu hakuna anayemkazia macho.

Mzazi akikuta neno asilolielewa kwenye simu, amwombe mtoto alifafanue kabla ya kutoa hukumu. “Hapa alimaanisha nini?” Mtoto akipewa nafasi ya kufundisha hujisikia ameaminiwa, na mara nyingi hueleza na yaliyokuwa nyuma ya neno. Hilo halina maana kwamba mzazi naye aanze kuongea kama kijana. Watoto wenyewe watasema kwamba hakuna kinachoipoza cool haraka kama kutoka kinywani mwa baba.

Maneno yakigoma, mwili husema. Mtoto anayejibu “cool” kila siku lakini ameacha kula, halali vizuri, anapoteza vitu vyake shuleni, anaumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi au anageuza simu kila mtu anapopita, ana “ila” nzito. Akiisema, mzazi ajizuie kufoka. Mtoto aliyefokewa siku aliyofungua moyo, siku nyingine atarudi kwenye “cool” yake. Yakiwa makubwa kuliko uwezo wa familia, kuna namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo Tanzania na Kenya hupigwa bila malipo. Mzazi anaweza kuipiga, na mtoto mwenyewe pia.

Na kuna jambo moja ambalo mzazi anaweza kulianza leo jioni bila gharama. Mtoto akimpokea mlangoni na kumuuliza “Habari za kazini?”, asijibu “Nzuri” akapita chumbani. Aseme, “Nzuri, ila leo nimechoka, tumedaiwa kodi ya fremu na wateja walikuwa wachache.” Si lazima amtwishe mtoto mzigo wa watu wazima. Inatosha amwonyeshe kwamba katika nyumba hiyo, baada ya “nzuri”, “poa” au “cool”, mtu anaruhusiwa kuendelea kuongea.